Nyuzi Mbili Chini ya Sifuri

Miaka ishirini na miwili, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, Bi Barafu alipanda ngazi kumi na saba kutoka chumbani kwake hadi kwenye kibanda cha vipimo vya hali ya hewa, pale kileleni kabisa mwa mlima, mvua inyeshe, jua liwake. Jina hilo walimbandika wenzake wa ofisi ya chini, waliozoea kumpigia simu kumuuliza kama huko kuna baridi. "Njooni muone," huwajibu. Walikuja? Thubutu!

Mzee aliyemwachia kazi alimwachia na masharti ya daftari: andika kwa wino, andika ulichokiona kwa macho yako, usifute kitu. Ukikosea, piga mstari mmoja, kosa lisomeke, utie sahihi. Siku Bi Barafu alipolala hoi kwa homa, nafasi ya siku hiyo daftarini iko tupu mpaka leo. Dada yake alipomwambia, "Si ungekisia tu, nani angejua?" walinuniana wiki nzima.

Sasa mkuu wa ofisi akapanda mwenyewe, pumzi juu juu, kuja kuzindua mashine ya kupima hali ya hewa. Saa tatu mashine ikasema nyuzi nne juu ya sifuri. Kipimajoto cha Bi Barafu kikasema mbili chini ya sifuri.

"Andika nne, mama. Mashine haikosei."

"Ndoo ya maji hiyo hapo mlangoni, mkuu. Ipige teke."

Mkuu hakuipiga. Maji yalikuwa yameganda, na kiatu chake kilikuwa kipya.

"Ripoti ya kuisifu mashine nimeshaiandika," akasema. "Andika nne, la sivyo Jumatatu unashuka kupanga mafaili stoo."

Bi Barafu aliogopa, tusidanganyane. Stoo ile haina hata dirisha, naye alikipenda kilele chake kuliko alivyompenda mtu yeyote. Halafu hasira zikampanda. Akashika kalamu, mkuu akatabasamu. Kwenye safu ya maoni akaandika: *Nimesoma mbili chini ya sifuri. Mkuu ameagiza iandikwe nne.* Chini yake akachora mstari wa sahihi.

"Tia sahihi, mkuu. Agizo ni lako."

"Futa hiyo!"

"Hapa hatufuti."

Jumatatu akashushwa kweli. Alilia njia nzima, daftari lililojaa likiwa kwapani, kwa sababu madaftari yote yakijaa hutunzwa stoo. Mkuu alikuwa amelisahau hilo. Alilikumbuka baada ya wiki mbili, wakubwa wake walipotaka kulinganisha takwimu za mashine na za daftari. Akaja mbio mpaka mlangoni pa stoo. Bi Barafu alikuwa ameketi, ufunguo shingoni.

"Nipe daftari la mwezi uliopita, nilirekebishe kidogo."

Bi Barafu akalitoa, akalifungua mezani palepale, akaweka kalamu ya wino juu yake.

"Karibu, mkuu. Anza na sahihi yako. Nafasi bado iko wazi."