Mahali pa Kuiweka Sura

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa hata kugusa cherehani. Fundi Mkuu, mzee wa Kinyiha mwenye kibanda pale Ihanda, alinitandikia mezani kitenge chenye picha ya kiongozi, akanipa chaki nioneshe nitakapokata. Nikachora. Akacheka mpaka akakohoa, kwa sababu mkasi wangu ungempitia mkubwa wa watu shingoni.

"Sura haikatwi wala haikaliwi," akasema. "Itafutie mahali kwanza, gauni baadaye."

Nyinyi vijana mnakata tu, jicho moja kwenye simu. Sisi kitenge cha sura tulikizungusha mezani mpaka uso ukae vizuri kifuani au mgongoni, mbali na kwapa na makalio. Nguo nyingi ziliharibikia hapo, na Fundi Mkuu hakuwa mtu wa kusamehe nguo.

Baadaye nilihamia Tunduma kwa tajiri mwenye duka la vitambaa karibu na mpaka, na mwishowe nikapata baraza yangu. Wateja wengi walikuwa wanawake wafanyabiashara kutoka nchi moja ambayo sitaitaja, maana bado tunasalimiana. Rais wao alipopeleka majeshi kwenye vita vya mbali, vitenge vya sura yake vilimiminika, na wote walimtaka kifuani. Alikuwa ameahidi redioni kwamba vijana wangerudi kabla ya mvua.

Mvua ikanyesha, ikaisha. Mimi si mtu wa siasa, lakini kazi yangu ilinieleza. Wakaanza kuomba awekwe mgongoni, kisha kwenye pindo, kule chini kunakoburuza vumbi. Mmoja akataka bila haya nimweke pale pa kukalia. Nilikataa, akaondoka amenuna. Nilishinda nimekasirika, na sijui kama nilimkasirikia kwa ajili ya rais au kwa ajili ya Fundi Mkuu.

Mama Ruti, muuza maharage, ndiye aliyebaki naye kifuani. Mwanawe wa pekee wa kiume alikuwa vitani, na wenzake walipomcheka aliwajibu kwamba mkubwa hawezi kudanganya watu wazima. Nilimpenda kwa hilo. Kisha simu za mwanawe zikakatika. Akauliza kwao kila ofisi, akaambiwa asubiri. Jumatatu moja rais alitangaza tena kwamba vita viko ukingoni, na kesho yake mama akanijia na lile gauni.

"Nigeuzie kifua, baba. Aangalie ndani."

Nikamuuliza huko ndani ataona nini.

"Hataona. Atasikia moyo wangu unavyokwenda mbio."

Kitambaa kilikuwa kimechapwa upande mmoja, kwa hiyo nilikifumua kifua na kukigeuza, nje kikabaki kivuli tu. Ila nilikirudishia kwa bandi, ile mishono mirefu ya mkono ya kushikilia nguo kwa muda. Nilijiambia kijana akirudi nitaifumua mara moja. Kuanzia hapo sikutulia. Kila basi lililoshusha abiria mpakani lilinitoa kwenye kiti, nikaharibu mikono ya mashati mawili ya watu.

Akarudi. Alikuja barazani na mama yake, mwembamba, anachechemea, lakini mzima. Nilifurahi mpaka nikaangusha pini zote. Nikachukua wembe, nikamwambia mama alete gauni, kazi ya kulifumua haina malipo.

Mama aliliweka mezani na kuushika mkono wangu.

"Usifumue. Nimeona ulishona kwa bandi. Piga mashine, baba, iwe ya kudumu."

Nikasema mtoto si huyu hapa, amerudi.

Kijana ndiye aliyejibu, taratibu. "Shikamoo, mzee. Tulipanda lori moja vijana wa mtaa mzima. Nimeshuka peke yangu."

Nikakanyaga cherehani. Mshono ulikwenda kombo, nikaufumua, nikaurudia. Macho yalikuwa yameshaanza kunisaliti, na siku hiyo yalikuwa na maji pia. Mwaka huohuo nilifunga baraza nikarudi Ihanda. Fundi Mkuu alinifundisha kila mahali pa kuiweka sura, lakini hakuniambia kwamba iko siku mwenye nguo ataifungia ndani asitake itoke tena.

Sasa napumzika, ndivyo wanavyosema. Tukikaa kula, miguu yangu inakanyaga chini ya meza, na mke wangu ananiuliza nashona nini. Namwambia ni lile gauni la Mama Ruti, bado naona mshono wake haujakaza.