Kifuko cha maji nyuma ya goti kilivyonipasukia nikishuka Empakai

Tap.

Kama ganda la maharage makavu linapopasuka juani. Waliokulia Rhotia kama mimi wanaijua hiyo sauti, wakati wa mavuno unaisikia uani mchana kutwa.

Ila hii haikutoka uani. Ilitoka nyuma ya goti langu la kushoto.

Wakuu, shikamooni kwa mnaostahili, wengine mambo vipi. Mimi humu ni msomaji tu, nacheka na comments zenu halafu napita. Leo naandika. Sitaongeza chumvi, mguu wenyewe ninao hapa nimeunyoosha juu ya stuli, atakayebisha abishane nao.

Kwanza mnijue kidogo.

Niliishia form four. Nikapata kazi ya msaidizi wa mpishi kwenye zile safari za kutembea kwa miguu, wageni wanaanzia Nainokanoka, wanapita Bulati mpaka crater ya Empakai, lile shimo la volkano lenye ziwa chini, mizigo inabebwa na punda wa Wamasai. Kazi yangu kumenya viazi na kusugua masufuria.

Ndoto yangu ilikuwa kuwa guide. Siyo wa kwenye gari. Wa miguu, yule anayetangulia mbele na fimbo yake, anawaambia wageni huu ni unyayo wa nyati, huu mti unatibu hiki na kile.

Nilikuwa nafanya mazoezi nikiosha vyombo. Nayaeleza masufuria habari za crater kwa Kiingereza, "ladies and gentlemen, please look on your left." Mpishi alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

Lead guide wetu, kaka Bura, siku moja akanisikia. Hakucheka. Akasema, "Mdogo wangu, safari ijayo utatembea na mimi mbele. Ukishuka Empakai na wageni ukapanda nao vizuri, nitakuombea nafasi ya kusomea. Kampuni inapeleka mtu mmoja."

Mtu mmoja, wakuu. Nikaenda mnadani Karatu nikapata buti za mtumba, soli nzima kabisa. Nikazitafutia kamba mpya nyekundu. Nikawa nazitundika kwenye msumari juu ya kitanda, nikiamka ndio kitu cha kwanza kukiona.

Sasa turudi kwenye goti.

Miezi kadhaa nyuma niliteleza kambini na ndoo ya maji, goti likajipinda. Likauma, likaacha, nikaendelea na maisha.

Baadaye nikichuchumaa kumenya viazi nikawa nahisi kama kuna yai nyuma ya goti. Nikinyoosha mguu linakuwa gumu. Nikikunja linalainika, kama linajificha.

Sikunyamaza, niliwaonyesha watu. Mpishi akasema ni mtoki. Jirani akasema jipu, subiri liive. Duka la dawa wakanipa vidonge vya maumivu na antibiotic juu. Hakuna aliyeniambia kapime, na mimi wazo hilo halikunijia, maana uvimbe wenyewe ulikuwa hauumi sana.

Bibi yangu, ambaye sisi Wambulu kwa Kiiraqw tunamwita Ama, ndiye aliyenilea. Yeye alikuwa anayeyusha mafuta ya kondoo ananichua. Mikono yake imeshika jembe maisha yote, migumu kama gome, lakini ikipita kwenye goti unasinzia. Nilikuwa naipenda ile saa, sifichi.

Safari ikafika.

Empakai mnaoijua mnajua, njia inashuka ndani ya msitu mnene mpaka ziwani chini, mizizi imelowa, ukungu. Nipo mbele na kaka Bura. Nimeshawaonyesha wageni kinyesi cha nyati na wamekipiga picha. Najisikia mtu.

Tukiwa katikati ya mteremko, tap.

Halafu joto likashuka ndani ya mguu, kama mtu amenimwagia chai kwenye kigimbi kwa ndani. Nikakaa chini. Mgeni mmoja mama akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia yes, yes, very okay. Nikajaribu kusimama, mguu ukakataa.

Wakampigia simu Sanare, mwenye punda, aliyekuwa amebaki juu kambini. Akashuka na fimbo yake, akaniangalia.

"Punda wangu hawajawahi kubeba Mmbulu," akasema, "na leo siyo siku ya kuanza. Panda mgongoni kwangu."

"Nitakuvunja kiuno."

"Nimebeba ndama wengi, na wote walikuwa na adabu kuliko wewe. Panda."

Tumeanza kupanda, ananiuliza kama makande ya kambi nzima nimeyamaliza peke yangu. Nacheka huku machozi yanadondoka kwenye shuka lake. Na nyuma yetu nasikia sauti ya kaka Bura inawaeleza wageni kuhusu mti mmoja mkubwa pale njiani. Ule mti nilikuwa nimeukariri wiki nzima. Maelezo yake nilikuwa nayo mdomoni.

Nikarudishwa Rhotia. Kigimbi kikavimba, ngozi inang'aa, na kwenye kifundo cha mguu pakatokea weusi kama nimepigwa. Ama akafanya anachokijua. Akayeyusha mafuta, akachua, safari hii kwa nguvu, ili maji yatoke. Nililia. Na yeye alikuwa analia, ila hakuacha, alijua ananiponya.

Kesho yake nikapandishwa bodaboda, Ama nyuma yangu amenishikilia, mpaka hospitali mjini.

Daktari alikuwa dada mmoja mpole. Akagusa kigimbi, uso ukabadilika. Akauliza nani ameuchua huu mguu.

Ama akasema, "Mimi, mwanangu."

Daktari hakumfokea, niseme ukweli. Alisema taratibu tu: "Bibi, mguu ukivimba ghafla hivi usichuliwe kabla haujapimwa. Ikiwa damu imeganda kwenye mshipa, kipande kinaweza kuchomoka kikaenda kwenye mapafu. Tungempoteza."

Nilimwona Ama akiingiza mikono yake ndani ya khanga. Taratibu, kama mtu anayeficha kitu.

Nikapigwa ultrasound. Haikuwa damu. Ni kifuko cha majimaji kilichokuwa nyuma ya goti, kimepasuka, maji yametiririka kwenye kigimbi. Wanaita Baker's cyst. Niliuliza kama ni ugonjwa wa waoka mikate, akacheka, akasema ni jina la daktari wa zamani.

Alivyonieleza ni hivi. Goti lina majimaji yake ya kulilainisha. Ndani kukiwa na kitu kimeumia, goti linatengeneza maji mengi kupita kiasi, yanasukumwa nyuma, yanajaa pale kama kifuko. Kwa hiyo kifuko siyo ugonjwa wenyewe. Ugonjwa uko ndani ya goti.

Nikaambiwa nipumzike, niinue mguu, nikande kwa maji baridi, nifunge bandeji isiyobana sana, na vidonge. Kigimbi kikanywea kweli. Nikaanza kuzitazama buti tena.

Halafu yai likarudi.

Wakalivuta maji kwa sindano, mepesi ya njano njano yanayonata. Nikatembea kama mtu mpya. Likarudi tena. Dah, siku ile nililipapasa asubuhi nikiwa bado kitandani, nikajifunika shuka mpaka kichwani.

Nikatumwa Arusha kupiga MRI. Kale kampira kanakokaa kati ya mifupa ya goti, meniscus, kamechanika. Tangu siku ile ya ndoo. Nasubiri kupangiwa upasuaji, lini sijui, na daktari wa mifupa hakunidanganya: kutembea nitatembea, ila kushuka na kupanda milima kila siku hawezi kuniahidi.

Kaka Bura alipiga simu. "Pona kwanza mdogo wangu," akasema. Nafasi amepewa dada mwingine wa hapa Karatu. Sina kinyongo naye. Alinitumia picha amevaa sare, nikamjibu kwa emoji ya makofi, nikazima simu.

Lakini mnajua kinachoniumiza zaidi? Ama hanigusi tena. Chai ananiwekea mezani, zamani alikuwa ananipa mkononi. Nimemwambia mara nyingi, Ama, haikuwa damu.

Ananijibu, "Na ingekuwa?"

Nakunywa chai yangu.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Uvimbe nyuma ya goti usiuache kwa sababu hauumi. Nenda ukapime, na uliza goti lenyewe lina nini, usiishie kutoa maji tu. Na kigimbi kikivimba ghafla, asikichue mtu yeyote hata kama anakupenda kuliko wote. Pumzi ikibana au kifua kikiuma, kimbia hospitali muda huo huo.

Na mtu akikosea kwa upendo, sijui mnamwambiaje mpaka aamini. Hilo ndilo naliuliza. Waliopitia haya, wa goti na wa bibi, niandikieni hapo chini. Wa kunicheka nao karibuni, nimezoea masufuria.

Jana Ama alikuwa kanisani. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali alikuwa ameniambia nikae kwenye kiti, nifunge kitu kizito kifundoni, ninyooshe mguu taratibu, misuli ya paja isaidie goti. Kitu kizito nilikuwa nacho, maharage ya Ama kwenye mfuko wa rambo. Cha kufungia sikuwa nacho.

Nikazitoa buti kwenye msumari. Nikachomoa kamba nyekundu, tundu moja moja, nikazirudisha buti juu zikiwa wazi midomo.

Nikafunga mfuko kifundoni. Maharage yakachakacha kidogo, yakatulia.

Nikanyanyua mguu.