Utafiti wa Dada Yangu Nilioupeleka Sokoni

Mimi, mwanangu, nilikuwa nimefika mahali ambapo hakuna kitu kingenishangaza tena. Niliacha shule darasa la sita, nikaingia mashimo ya dhahabu hapa Masara na tochi ya kuazima, na leo nina mashine tatu za kusaga mawe. Nimeona shimo likifunika watu. Nimeona mtu akishuka maskini na kutoka tajiri. Basi sikia jinsi karatasi ilivyoniangusha.

Nakumbuka siku ambayo mdogo wangu Akinyi alinitumia karatasi hiyo kwa simu. Akinyi hufundisha saikolojia chuoni, upande wa Homa Bay. Karo yake nililipa mimi. Hilo sitaacha kulisema. Alikuwa ameandika utafiti kuhusu hofu inayombakia mchimbaji akishanusurika shimo kuporomoka, na mwishoni akanishukuru kwa jina. Niliwasomea wafanyakazi wangu mstari huo mara tatu.

"Inatoka lini?" nikamuuliza.

"Jarida bado linaikagua, owadwa, ndugu yangu. Mwaka wa pili huu. Bila hiyo sipandi cheo."

Mwaka wa pili! Hapa kwetu gunia lako la mawe likilala kwenye foleni, unamwona mwenye mashine pembeni, unamwachia kitu kidogo, linasagwa. Nikajua hao wasomi wanangoja kitu kidogo, na dada yangu anaona haya kutoa.

Nikampata jamaa Migori mjini, anayeandikia watu barua za kazi. Akasema kuna jarida la nje linachapisha kwa siku tisa, na kwa nyongeza atatafuta wasomi arobaini wamtaje Akinyi katika kazi zao, maana kwa wasomi kutajwa ndio ukubwa. Nikalipa vyote.

"Na jina lako tuweke?"

"Weka. La pili. Herufi kubwa."

Ilipotoka, nikangoja wiki tatu wale arobaini wamtaje, ndipo nikamtumia Akinyi. Kesho yake saa sita mchana akashuka kwa boda mbele ya mashine zangu, bado na viatu vya ofisini.

"Zima hizi." Nikazima. "Nani alikupa ruhusa?"

"Nyaminwa, dada yangu, ni zawadi ya kaka yako..."

"Zawadi! Jarida la kweli linauliza kwa nini nimepeleka kazi moja mahali pawili. Na hao arobaini wako, mmoja ameandika juu ya magonjwa ya kuku! Chuo kimeniita Jumatatu. Wakiamua nimenunua jina, nafutwa. Na wale wachimbaji walioniambia jinsi wanavyolia, nani ataniamini tena?"

Mfanyakazi mmoja akacheka. Nikamtazama, akarudi kwenye magunia.

"Tulia. Hao wakubwa wa chuo nitawaona."

"Ukiwaona hivyo unavyofikiria, owadwa, umenizika."

Kwa kuwa jina langu lilikuwa kwenye karatasi, chuo kiliniita nami; Jumatatu nilikaa mbele ya wasomi watano, kofia mkononi. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye mvi, akafunua karatasi polepole.

"Wewe ndiye mwandishi wa pili? Hebu tueleze, utafiti huu mliufanya kwa njia gani?"

Akinyi alitazama meza tu. Ningeweza kudanganya, mdomo ninao.

"Mama, mimi nasaga mawe. Sijui. Dada yangu hakuwa na habari. Nilinunua."

Tangu nipate mali, sikuwa nimesema "sijui" mbele ya watu.

Hawakumfuta. Lakini jarida la kweli liliikataa kazi ile kabisa, na cheo kikaenda kwa mwingine.

Kwa hiyo, mwanangu, usiingize mkono katika kazi ambayo huijui, hata kama mwenye kazi ulimlipia karo. Muulize kwanza, kisha umsikilize. Kuna mahali ambapo kungoja ndiyo kazi yenyewe, na jina la mtu hujengwa na yeye, si na ndugu yake. Akinyi ameanza utafiti mwingine. Sijamuuliza unatoka lini, na kunyamaza huko kunanichoma. Mungu akupe watu wa kukukemea ungali na nafasi ya kurekebisha, na akupe unyenyekevu wa kukaa nao meza moja.

Na kwa kuwa najua utauliza: kuchapisha, wale arobaini, na pesa ambazo jarida lile la nje lilidai ndipo liifute karatasi, vyote pamoja vilinigharimu shilingi 214,500.