Chaki Juu ya Dashibodi

Harufu ya grisi hapa gereji, Igoma, inanirudisha kwenye lori kuukuu la baba. Siku moja ya soko, shafti ya usukani ilikuwa imelika meno, na nyuma nyanya za watu zilishaanza kuchuruzika maji.

Mama, aliyekuwa mwalimu, alimnyooshea baba kipande cha chaki. "Baba watoto, weka alama ilivyokaa kabla hujaifungua, usukani usije ukakaa upande."

"Lori langu nalijua!"

Akafunga shafti mpya huku akigonga na kulaani. Alipomaliza, matairi yalinyooka, lakini usukani ulikaa upande. Muda wa kurudia haukuwepo.

Tukaenda sokoni hivyo hivyo, mama akiutazama usukani.

"Si useme basi!" baba akafoka.

Mama akaiweka chaki juu ya dashibodi. Ilikaa pale mpaka lori linauzwa.