Sauti Zilizokuwa Kwenye Diski ya Siyu

Wifi yangu Zakiya ni mwoga, na mimi Huwaida ndiye mwenye ruhusa ya kulisema hilo mbele za watu, maana wifi asipomtania wifi yake nani atamtania? Anaogopa paka, anaogopa mtungi wa gesi, anaogopa simu inayolia asubuhi mapema. Akitoka nyumbani kwetu Wiyoni, hurudi kuusukuma mlango kuona kama kweli ameufunga. Kaka yangu alipomwoa nilimwambia, "Hongera, umeoa mlinzi. Hutaibiwa hata kijiko."

Lakini mwoga huyu ndiye anayetegemewa mashine za watu zikigoma. Alisomea kompyuta Mombasa, akarudi, na pamoja na wenzake wachache wakaanza kurekodi wazee wa visiwani: hadithi, nyimbo, habari za koo. Kila kijiji kikapewa kompyuta, diski na mtu wa kuvitunza. Kwa kuwa hawezi kuwa kila mahali, Zakiya aliwaandikia ukurasa wa maelekezo kwenye mtandao. Ukitaka kufanya jambo fulani, unasoma maelezo, na chini yake unakuta amri ya kuiandikia kompyuta, mstari mmoja tu.

Kijiji cha Siyu mtunzaji ni Maalim Bwanamkuu, mwalimu wa chuo, anayewafundisha watoto Kurani. Kwenye diski yake mlikuwa na sauti ya mamake akisimulia hadithi aliyokuwa akimlaza nayo utotoni. Bi mkubwa yule alifariki baada ya kurekodiwa, na Maalim hakuwahi kuisikiliza. Kila akiulizwa alijibu kwamba ataisikiliza siku moyo ukiweza. Kompyuta ya mwanzo iliharibika kwa chumvi ya bahari, akaletewa nyingine, kwa hiyo sauti zote za Siyu zilibaki kwenye diski ile moja. Zakiya alikuwa amepanga kwenda kuzinakili. Alikuwa bado kwenda.

Asubuhi moja simu ikalia, naye akaruka kama kawaida yake. Alikuwa Maalim, mwenye furaha.

"Bi Zakiya, ile video ya maulidi ya mwaka huu nataka kuiweka kwenye diski. Nimeona amri yake kwenye ukurasa wako. Nimeiandika ubaoni vile vile, sikugeuza hata herufi moya. Yeo baada ya adhuhuri tafanya, inshallah."

Zakiya alifungua mdomo, na simu ikakatika. Mtandao wa Siyu ndivyo ulivyo.

Nilimwona akibadilika rangi. Nikamwambia asianze, si kila simu ni msiba. Akanieleza. Amri ile hulichukua kabrasha la kwenye kompyuta na kulifanya kabrasha la kwenye diski lifanane nalo kabisa. Kisichokuwamo kwenye kompyuta, hufutwa kwenye diski. Amri ya ukurasani ilikuwa mfano tu: msomaji alitakiwa aondoe majina yaliyomo na kuweka majina ya makabrasha yake mwenyewe, ingawa ukurasa haukusema hivyo. Zakiya alipokuwa akiuandika mfano, alitia majina yaliyomjia kichwani: Maulidi kwa upande wa kompyuta, Sauti kwa upande wa diski. Maalim alikuwa na kabrasha la Maulidi kwenye kompyuta yake, na Sauti ndilo jina la kabrasha la diski yake lililokuwa na wazee wote wa Siyu.

"Basi si atabadilisha?" nikauliza.

"Wifi, yule ni mwalimu wa chuo! Maisha yake yote anawachapa watoto wakigeuza herufi."

Hapo na mimi nikaogopa. Nilimjua Maalim. Alichokiandika mwenye kujua, yeye hakitii mkono.

Zakiya akaivamia kompyuta. Akaubadilisha ukurasa nikimtazama: mahali pa majina akaweka visanduku vitupu, msomaji aandike jina la kabrasha lake, na amri ijijaze yenyewe. Kitufe cha kunakili akakifanya kisibonyezeke mpaka visanduku vijazwe. Kazi nzuri, na aliifanya upesi huku machozi yakimtiririka. Alipomaliza nikamuuliza, "Na ubao wa Maalim nao utabadilika?"

Akaniangalia kana kwamba nimempiga kofi. Tukachukua mabuibui yetu tukakimbilia gatini.

Tulipata boti ya injini, lakini maji yalikuwa yakitoka na mkondo wa Siyu haukuingilika. Nahodha alitushusha mbali, tukashika njia ya miguu. Zakiya alipiga simu mpaka chaji ikakaribia kuisha. Mimi ninayemcheka kila siku nilikuwa nikisoma kila dua niliyofundishwa. Tukiwa bado kwenye mashamba tulisikia adhana ya adhuhuri, na Zakiya akaanza kukimbia. Mimi na magoti yangu nikamfuata.

Tulimkuta Maalim amekaa mbele ya kompyuta, kofia safi kichwani, ubao umeegemezwa ukutani.

"Karibuni! Imemaliza sasa hivi," akasema. "Mbona mwatweta?"

Zakiya hakujibu salamu. Akalifungua kabrasha la Sauti. Mlikuwa na video ya maulidi, na hamkuwa na kitu kingine. Akatoa programu yake ya kufufua vilivyofutwa, akaiacha ifanye kazi, sote watatu tukitazama mstari ukijongea. Wazee kadhaa walirudi, Alhamdulillahi. Tukafika mwisho wa orodha.

"Na mama yumo?" Maalim akauliza.

Nilitamani Zakiya aseme uongo.

"Hayumo, Maalim. Video imeandikwa juu ya sauti yake, haitarudi. Kosa ni langu, si lako. Sikukwambia ubadilishe."

Niliogopa kumtazama Maalim usoni. Yeye akaondoa kofia, akaiweka pajani.

"Ile hadithi naijua," akasema. "Alinambia kila usiku. Washa, nisimulie mimi."

Zakiya akawasha kinasa sauti. Maalim akafumba macho na sauti yake ikalegea, ikawa ya mwanamke mzee. Akasimulia habari za binti aliyekwenda kuteka maji peke yake, akasikia akiitwa jina lake kutoka ndani ya kisima. Mara ya kwanza hakuitika. Mara ya pili hakuitika. Nywele zilinisimama. Mara ya tatu binti akaweka ndoo chini, akashika ukingo wa kisima, akainama kuchungulia.

Maalim akanyamaza. Tukangoja. Midomo yake ilicheza, lakini hakikutoka kitu.

"Kisha?" Zakiya akanong'ona.

Akafumbua macho, nayo yalikuwa macho ya mtoto aliyepotea sokoni.

"Siyui," akasema. "Hapa ndipo usingizi ulipokuwa ukinitwaa."