Mwarobaini wa Mama Mkwe

Nilikuwa nimesoma makala moja tu kuhusu miti inayobadilishwa vinasaba ili homoni zake zinenepeshe shina upesi. Nilipofika ukweni Puge, nikaukuta mwarobaini wa mama mkwe umevimba kiunoni, nikatangaza, "Baba, huu umetoka maabara. Ukatwe kabla haujasambaa."

Baba mkwe anaiheshimu mno digrii yangu. Akaenda kuchukua shoka.

Mama mkwe akaukumbatia mti wake. "Hebu papasa chini ya uvimbe, mkwe wangu."

Nikapapasa, nikagusa waya uliozama kwenye gome. Homoni zilikuwa zikishuka zinakwama hapo, shina likanenepa juu yake.

"Si ule waya wa kuanikia nguo ulionifungia mwenyewe, mwaka uliooa?" akasema akicheka. "Mzee, rudisha shoka, mletee msomi wetu koleo la kukatia waya."