Nilipolima Shamba la Niliyemuumiza

Mwanangu, nakumbuka siku ya mvua ya kwanza, mwaka ule nilipobatizwa nikiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa fundi wa kuchomelea mageti pale Kizota, hapa Dodoma, na ngumi zangu zilijulikana kuliko mageti yangu. Ubatizo niliupokea kwa furaha, lakini ngumi sikuziacha. Nikionywa, nilijibu kwamba mwacha asili ni mtumwa, nikajiona nimesema neno la hekima.

Asubuhi hiyo fundi mwenzangu, Yohana, alinitania mbele ya wateja: "Mlokole, geti lako limepinda kama imani yako!" Nilimsukuma kwa nguvu. Akaanguka juu ya vyuma, mkono ukavunjika.

Habari zilimfikia Mama Mbeleje, mzee wa kanisa letu, mama mfupi aliyesema polepole. Aliponijia, nilianza kujitetea kabla sijaulizwa.

"Shikamoo, mama. Yeye ndiye aliyenichokoza."

"Marahaba. Mvua imenyesha, mwanangu. Yohana ana shamba la uwele kule Zuzu. Nani atamlimia?"

Nikaanza kumwomba yeye msamaha.

"Toba yako usiniletee mimi. Ipeleke kule, na jembe."

Unazijua mvua zetu za Dodoma. Ukichelewa kupanda, njaa haichelewi. Nikaenda. Mke wa Yohana alinipokea kwa matusi, majirani wakisikia. Nikalima. Siku ya tatu akaja kaka yake Yohana, mtu wa miraba minne, akanizaba kofi hadi kofia ikaruka.

Mwanangu, mazoea yana taabu! Mkono wangu ulijikunja wenyewe. Nilikuwa namweza yule, naye alijua hivyo. Nikamwita Yesu kimoyomoyo, maana sikuwa na pa kushika pengine. Ngumi ikafunguka.

"Nimekosa, kaka," nikasema. "Niache nimalize kupanda, mvua isitupite."

Akageuka, akaelekea nyumbani. Nilidhani amefuata fimbo. Akarudi na jembe! Tulilima bega kwa bega hadi jua likazama, na siku ya tano shamba likaisha.

Nisikudanganye, hasira haikufa siku ile. Ilinirudia mara nyingi, nami nikaikataa mara nyingi. Hata leo, na mvi hizi, bado naikataa. Lakini uwele ule ulizaa, mwanangu! Siku ya shukrani ya mavuno Yohana alikuwa amepona. Tulishika kapu moja, yeye upande huu, mimi ule, tukaingia nalo kanisani. Vigelegele vikapigwa, na aliyeanza kupiga ni mke wake. Katika ugomvi wote niliopata kushinda ujanani, hakuna ushindi uliofikia huo.

Nyinyi wa leo mnapigana hata kwenye simu. Basi sikiliza. Usiseme "ndivyo nilivyozaliwa", kwa maana umezaliwa mara ya pili. Tabia ya zamani haiondoki kwa kuililia tu. Mahali pake weka tendo jema, tena umtendee yule yule uliyemkosea. Ukianguka, inuka siku hiyo hiyo, usingoje Jumapili.

Bwana akupe moyo mpya na nguvu ya kuutunza. Uliowaumiza wakuite ndugu, na nyumba yako isikose wimbo wa sifa. Amina.